Refa wa Ligi ya Vitambi na Mguu Wake wa Kushoto

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa fundi viatu kama mafundi viatu wengine: kigoda kifupi, nyundo, gundi inayonuka mpaka machozi yanakutoka, na lundo la viatu vilivyotelekezwa na wenyewe. Lakini Jumamosi jioni, akishavaa kaptula nyeusi na soksi zilizovutwa mpaka chini ya magoti, fundi viatu alikuwa hayupo tena. Aliyekuwepo ni Refa. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mkewe, hata wateja.

"Refa, kisigino changu kiko tayari?"

"Kisigino chako kiko benchi," anajibu bila kuinua kichwa. "Kitaingia kipindi cha pili."

Ligi aliyoichezesha iliandikwa Ligi ya Maveterani kwenye kombe, ila hakuna aliyeiita hivyo. Ilikuwa Ligi ya Vitambi. Ilikuwa na timu mbili tu, kwa hiyo kila msimu timu zote mbili zilifika fainali na kila mtu aliona fahari. Timu moja ilikuwa Bucha, yaani wauza nyama wa sokoni na jamaa zao. Nyingine ilikuwa Walimu, wa shule yenye uwanja huo huo waliochezea. Nahodha wa Bucha alikuwa kaka wa mke wa Refa, mtu mnene, mcheshi, aliyeitwa Tani Moja, ingawa waliomjua vizuri walisema jina hilo limempunja. Nahodha wa Walimu alikuwa Mwalimu wa Jiografia. Huyu alikuwa mwembamba kila mahali isipokuwa tumboni, utadhani amemeza mpira wa akiba, na hakuwahi kufungwa goli bila kutoa maelezo. Juu yao wote alikaa Mama Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mpira ulikuwa wake, nyavu zake, kombe lake. Uenyekiti wa namna hiyo haupigiwi kura.

Shida ilianzia kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto.

Jumamosi moja Refa alikuwa anaufuata mpira kwenda upande wa goli la Walimu, hakimbii, anatembea haraka haraka kwa madaha yake ya siku zote, ghafla kigimbi kikabana. Kilibana kama mtu anakamua nguo iliyolowa, na nguo yenyewe ni nyama yake. Akasimama. Maumivu yakapungua, yakaisha, yakaondoka kabisa kama mgeni aliyekosea nyumba. Akatembea tena. Yakarudi. Akasimama. Yakaondoka. Huu sasa ni mguu au mtoto mtukutu?

Ajabu yake ni kwamba akiwa kibandani, amekaa, mguu ulikuwa mpole kupita kiasi. Ungeuuliza kama unamjua huyo anayebana watu uwanjani, ungekataa katakata.

Sasa hebu fikiria. Mchezaji akichoka anajiangusha na kushika goti. Kipa anaegemea nguzo ya goli. Refa afanye nini? Refa akisimama peke yake katikati ya uwanja, kila mtu atauliza kulikoni. Lakini mchezo mzima ukisimama, nani atajua kwamba aliyetangulia kusimama ni refa?

Kigimbi kikabana tena. Mpira uko mbali, karibu na bendera ya kona. Refa akaweka filimbi mdomoni.

Priiii!

Wote wakageuka.

"Faulo!" akasema Refa.

"Ya nani?" aliuliza Tani Moja, ambaye alikuwa amesimama mikono kiunoni akitafuta pumzi.

"Yako."

"Yangu? Shemeji, mimi nimesimama tu!"

"Umesimama, ndiyo. Ila umesimama kwa nia mbaya."

"Nia mbaya gani? Hata mpira siuoni uko wapi!"

"Unaona? Mchezaji hajui mpira uko wapi na bado yuko uwanjani. Huo ni uungwana?" Refa akamwita kwa kidole. Akaanza kumpa nasaha ndefu kuhusu uungwana, kuhusu jezi aliyovaa, kuhusu wazee waliomlea, na huku akisema alikuwa anausikiliza mguu. Mguu ulipotulia, akakatisha nasaha katikati ya neno. "Haya, mpira uendelee."

Tangu siku hiyo soka ya mtaa ule ikapata sheria ambazo hazijaandikwa popote duniani. Kulikuwa na faulo ya kuutazama mpira kwa dharau. Kulikuwa na faulo ya kuhema kwa makusudi. Kipa wa Bucha aliwahi kuadhibiwa kwa kudaka mpira "bila heshima", na Mwalimu wa Jiografia alipewa kadi ya njano kwa kutoa maelezo kabla ya kosa.

"Kosa lenyewe sijalifanya!" alilalamika.

"Ndiyo maana nakuwahi," akajibu Refa, akisimama kwa mguu mmoja kama anayefikiri.

Uwanjani filimbi ilimwokoa. Njiani hakukuwa na filimbi. Kutoka nyumbani mpaka kibandani ni mwendo wa kupita maduka machache na msikiti mdogo na karakana ya kuchomelea milango, lakini sasa mguu ulimdai asimame njia nzima. Akabuni dawa. Kila ukibana anainama na kufunga kamba za viatu. Ilikwenda vizuri kwa muda, mpaka watu wakaanza kunong'ona.

"Jamani, fundi viatu gani huyu ambaye kamba zake hazikai?"

"Mimi kiatu changu nimempelekea fundi mwingine. Mtu kama hawezi kufunga fundo, soli ataiweza?"

Biashara ikaanza kuyumba. Refa akaona isiwe taabu, akaanza kuvaa makubazi. Lakini mazoea yana tabu zake. Mguu ulipobana mbele ya karakana, mwili ukainama wenyewe, vidole vikaanza kufunga kamba kwa bidii juu ya kubazi ambalo halikuwa na kamba hata moja. Mchomeleaji milango alizima mashine, akavua miwani yake myeusi, akatazama mpaka mwisho.

"Refa," akasema taratibu. "Umezifunga?"

"Nimezifunga."

"Vizuri," akasema mchomeleaji, akarudi ndani kuwasha mashine.

Habari hizo zilifika nyumbani kabla ya Refa mwenyewe. Mkewe, fundi cherehani mwenye macho yanayoona uzi uliopinda kutoka upande wa pili wa barabara, alimsubiri mlangoni.

"Baba watoto, kaa hapo. Vua kubazi."

"Kuna nini?"

"Kuna kwamba mume wangu anafunga kamba za hewa." Akaushika mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto tena. "Huu mguu wa baridi. Kitandani nilikuwa nadhani umelala na chupa ya maji ya friji. Na nywele za huku chini zimekwenda wapi? Huku kulia msitu, huku kushoto uwanja wa ndege!"

"Soksi za urefa zimezisugua."

"Zimesugua mguu mmoja? Soksi yenye upendeleo? Kesho kliniki."

Refa alijaribu kupinga, lakini mkewe hakuwa mtu wa Ligi ya Vitambi na filimbi haikumtisha.

Daktari alikuwa dada mdogo mdogo mwenye raba za rangi ya machungwa. Alimwamkia, akampima presha ya mkono, halafu akamlaza kitandani na kuanza kuuzungusha ule mfuko wa presha kwenye kifundo cha mguu.

"Daktari mwanangu," Refa akamwambia kwa upole, asimwaibishe, "mkono uko huku juu."

"Najua, mzee. Tunalinganisha. Presha ya mguuni haitakiwi kuwa chini sana kuliko ya mkononi."

Akapapasa juu ya wayo wa kushoto kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba cha kigeni. Hakuipata. Akapaka mafuta ya baridi, akachukua kidude mfano wa kalamu nene chenye spika, akakigusisha. Mguu wa kulia ulisikika: vuu! vuu! vuu! kama gari linalopanda mlima kwa furaha. Wa kushoto ukasema: fyu. Halafu kimya. Halafu, kwa uvivu mkubwa: fyu.

"Huo wa kushoto unacheza chini ya kiwango," alisema mkewe kutoka kwenye kiti.

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka na kuvuta kiti karibu. Akawaeleza kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba kwa ndani, kwa sababu mafuta yameganda kwenye kuta zake. Mtu akikaa, damu inayopita inamtosha. Akitembea, misuli inadai damu zaidi, na mshipa hauna njia ya kuipitisha. Ndipo kigimbi kinapobana. Akipumzika, deni linalipwa na maumivu yanaisha.

Refa alisikiliza huku amekunja uso. "Kwa hiyo kuna kitu kimesimama njiani kinaizuia damu isipite?"

"Ndiyo."

"Na chenyewe hakina mpira?"

"Hakina mpira, mzee."

"Hiyo ni faulo," akasema Refa. Na safari hii ilikuwa faulo ya kweli.

"Sasa tuipige," akasema daktari. Kulikuwa na vidonge, vya kila siku, bila kuruka. Kulikuwa na kukagua vidole vya miguu kila jioni, maana kidonda kidogo kwenye mguu usio na damu ya kutosha kinaweza kugeuka balaa. Na moyo na kichwa navyo vina mishipa, alisema, ugonjwa huu hauchagui mguu peke yake, kwa hiyo asiufanyie mchezo. "Halafu kuna sigara."

"Nitapunguza."

"Mzee, ukimpa mchezaji kadi nyekundu, anapungua au anatoka?"

Refa akatazama dari. "Anatoka," alikiri.

"Imetoka. Halafu, utembee. Kila siku. Ukiumwa sana, simama mpaka maumivu yaishe, kisha tembea tena. Simama, tembea, simama, tembea. Ndivyo mguu unavyojifunza kwenda mbali zaidi."

"Na urefa?"

"Chezesha. Nani amekukataza? Ila usione aibu kusimama."

Njiani kurudi walisimama mara kadhaa, na kwa mara ya kwanza Refa alisimama bila kuinama. Mkewe alisimama pembeni yake kama wanasubiri mtu. Refa akasema, "Usimwambie kaka yako. Usimwambie mtu yeyote."

"Kwa nini? Ugonjwa si wizi."

"Wakijua wataniambia nikae. Watanipa kiti cha plastiki pembeni ya chupa za maji, watasema pumzika mzee wetu. Jumamosi nikikaa, mama watoto, mimi nani? Fundi viatu wa siku saba?"

Mkewe alimjua mume wake. Huyu mtu aliwahi kuugua homa akawa anapuliza filimbi usingizini. Akaahidi kunyamaza, kwa sharti kwamba kila jioni watatembea wote wawili.

Basi jioni wanatembea, Jumamosi anachezesha, na faulo zikaendelea kuanguka kama maembe mabivu. Mechi moja ilijaa faulo mpaka ikaisha kabla mpira haujatoka duara la katikati. Mwalimu wa Jiografia alikwenda dukani kwa Mama Mwenyekiti kutoa maelezo. Maelezo yakachukua muda wa kuuza mabati ya nyumba nzima, na mwisho wake wakakubaliana: Refa anaona faulo ambazo hazipo, kwa hiyo tatizo ni macho.

Mama Mwenyekiti alikuja kibandani na kandambili iliyokatika, kama kisingizio.

"Refa, heshima yako iko palepale," alianza. Maneno hayo yakisemwa, ujue heshima imeshaanza kufunga mizigo. "Ila tumeona kama macho… umri nao… Basi Walimu wamekuletea hii."

Ilikuwa miwani ya zamani ya Mwalimu wa Jiografia, ile aliyokuwa akisomea ramani zenye maandishi madogo kama mchwa.

Refa alikuwa na mlango wa kutokea hapo. Angeweza kusema, "Mama, macho yangu mazima, mguu ndio mbovu." Maneno yakafika kooni. Akakiona kile kiti cha plastiki. Akayameza.

"Asante sana," akasema. "Nilikuwa nasita tu kuwaambia. Siku hizi sioni vizuri."

Jumamosi iliyofuata alivaa miwani. Uwanja ulivimba. Nyasi zikawa kubwa kama mahindi. Tani Moja alionekana kama wingu la mvua linalomjia, Refa akajikuta anapiga hatua mbili nyuma. Kigimbi kilipobana alipuliza filimbi, akamwendea mchezaji aliyekuwa karibu, mrefu, mwembamba, aliyesimama kwa kiburi bila kusogea. Akampa onyo. Mchezaji hakujibu. Akampa onyo la pili kwa kutojibu. Akatoa kadi ya njano, halafu, kwa ule ukimya wa dharau, kadi nyekundu.

"Shemeji," Tani Moja alimnong'oneza, "hiyo ni nguzo ya goli."

"Najua," akasema Refa.

Mama Mwenyekiti aliona hayo yote kwa macho yake. Fainali ilikuwa inakuja. Akatangaza kwamba safari hii itachezeshwa na mtoto wa dada yake, kijana aliyekuwa anasomea michezo chuoni, mwenye mapaja kama magogo na saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Refa angealikwa kama mgeni wa heshima. Na kiti kikaandaliwa. Cha plastiki. Pembeni ya chupa za maji.

Siku ya fainali Refa alikaa pale amevaa suruali, miguu imefichwa, mkewe kando yake. Shule nzima ilijaa pembeni ya uwanja. Alipoona yule kijana anarukaruka kupasha misuli, aligeuza uso kama mtu aliyekutana na mchumba wake wa zamani harusini.

"Mwambie," mkewe alimwambia chini chini.

"Nimwambie nani?"

"Mama Mwenyekiti. Mwambie ni mguu."

"Ili nini? Kiti si nimeshapewa."

Filimbi ikalia.

Dakika za mwanzo watu walifurahi. Lo, mpira unachezwa! Unapigwa, unarudishwa, unapigwa tena! Kijana alikuwa kila mahali, anakimbia mbele, anakimbia nyuma, akiona mtu ameanguka anapunga mikono: "Endeleeni! Endeleeni!" Na wao wakaendelea. Kisha wakazidi kuendelea. Kisha nyuso zikaanza kubadilika rangi.

Hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili, lakini lilikuwa wazi kama jua. Kwa muda wote ule Ligi ya Vitambi haikuwahi kucheza mpira kwa mfululizo. Kila walipokaribia kufa, Refa aliona faulo, wakasimama, wakasikiliza nasaha, pumzi ikarudi. Sasa hakukuwa na nasaha.

Wa kwanza kwenda chini alikuwa mwalimu wa hesabu. Alilala chali akawa anahesabu mawingu. Kipa wa Bucha alikumbatia nguzo ile ile iliyopewa kadi nyekundu, akaiambia maneno ya kuagana. Tani Moja alipata mpira mbele ya goli tupu, akautazama, mpira ukamtazama, akaketi juu yake.

"Endeleeni!" alisema kijana.

"Endelea wewe!" Tani Moja alimjibu kutoka chini. "Sisi tumefika!"

Mwalimu wa Jiografia alikuja akitambaa kwa mikono na magoti mpaka kwenye chupa za maji. Alipofika alijaribu kutoa maelezo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hayakutoka. Alishika ncha ya suruali ya Refa.

"Faulo," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji jangwani. "Refa. Tafadhali. Faulo moja tu."

Mapumziko yalipofika hakuna aliyekubali kuinuka tena. Bucha wamelala huku, Walimu wamelala kule, uwanja kama soko la mitumba baada ya mvua. Mama Mwenyekiti alisimama katikati yao, kombe kwapani.

"Mnataka nini nyie?"

"Tunamtaka Refa wetu!" wakaitikia kutoka ardhini.

"Si ninyi mliolalamika kwamba anaona faulo zisizokuwepo?"

"Zilikuwepo!" Mwalimu wa Jiografia akasema. "Nimetafakari. Mimi binafsi nilikuwa nahema kwa makusudi."

"Na mimi nilisimama kwa nia mbaya," Tani Moja akaongeza. "Mbaya kabisa."

Mama Mwenyekiti hakuwa mjinga. Mtu anayepimia watu misumari siku nzima anajua kupimwa kunavyokuwa. Akamgeukia Refa. "Refa, nikuulize mbele ya watu. Ukisema ndiyo, nakurudishia filimbi sasa hivi. Zile faulo ulikuwa unaziona kweli?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja. Wachezaji wote waliokuwa wamelala waliinua vichwa kumtazama, wakitikisa kichwa kumsaidia: ndiyo, sema ndiyo. Refa akafungua mdomo. Akamwona mkewe hamtazami yeye, anautazama mguu.

Akainama. Watu wakadhani anafunga kamba. Akakunja suruali ya kushoto mpaka gotini, mguu ukatoka nje mweupe weupe, laini, bila nywele, mbele ya shule nzima.

"Sikuona hata moja," akasema. "Macho yangu mazima, ya nguzo yaliletwa na miwani yenu. Ni huu. Damu haipiti vizuri. Nikitembea unabana, nikisimama unaachia. Nilikuwa nawasimamisha ninyi ili nisimame mimi."

Refa alianza kuinua kiti chake akisogeze mbali zaidi, maana sasa yamekwisha.

"Ngoja kwanza," Tani Moja akasema, akajiinua kwa kiwiko. "Daktari amesema nini? Utapona lini?"

"Amesema nitembee, nikiumwa nisimame, kisha nitembee tena. Ndiyo tiba yenyewe."

"Nikiumwa nisimame," Tani Moja akarudia polepole, kama mtu anayeonja asali. Akageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Ni amri ya daktari!"

Kelele zilizofuata zilifukuza ndege kwenye paa la darasa. Mwalimu wa Jiografia alipata nguvu za maelezo, akapendekeza sheria papo hapo. Refa akiumwa, hakuna haja ya kumsingizia mtu. Anainua mkono, anasema "Mguu!" na wachezaji wote wanakaa chini mpaka mguu wenyewe utakaporidhika. Wakapiga kura wakiwa wamelala. Kijana wa mazoezi peke yake alipinga, akiwa amesimama, na hilo likahesabiwa dhidi yake. Mama Mwenyekiti alikuna kichwa kwa ncha ya kombe.

"Ungeniambia mapema," alimwambia Refa. "Miwani nimeinunulia na kamba ya shingoni." Akampa filimbi.

Kipindi cha pili kilikwenda kama sherehe. "Mguu!" na watu wote chapu chini. Bucha walishinda, au Walimu walishinda, hakuna anayekumbuka vizuri, kwa sababu kila mtu alikuwa amekaa.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hapana, hapo ndipo balaa lilipoanza. Refa alikuwa ameacha sigara kweli. Vidonge anameza. Kila jioni yeye na mkewe wanatembea, wanapita karakana, wanasimama, mkewe anamsimulia umbea wa wateja mpaka maumivu yaishe, wanaendelea. Na mguu, mvivu ule, ukaanza kujifunza. Kigimbi kilichokuwa kinabana mbele ya msikiti kikawa kinabana baada ya msikiti. Baadaye kikasubiri mpaka dukani kwa Mama Mwenyekiti. Haukupona, daktari alisema mishipa haiwi mipya, lakini ulikwenda mbali zaidi, na Refa akaanza kwenda sokoni mwenyewe, akaanza kupanda ngazi za kwa binti yake kumwona mjukuu, mambo ambayo alikuwa ameshayaaga kimya kimya bila kumwambia mtu.

Ligi ya Vitambi ikaingia majonzi.

"Refa, mguu haujambo?" wanamuuliza kwa wasiwasi katikati ya mechi.

"Haujambo kabisa!"

"Ah, jamani. Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo!"

"Shemeji unapona vibaya," Tani Moja alilalamika, jasho linamtiririka. "Huna huruma. Umejifikiria wewe tu."

Mwisho wake ukawa Jumamosi moja ya upepo. Mpira ulipigwa mrefu kutoka kwa kipa wa Walimu, na Refa akaufuata kwa madaha yake. Wachezaji hawakuutazama mpira. Walitazama kigimbi. Refa akapita duara la katikati. "Sasa," walinong'ona. Akapita. Akaukaribia mstari wa eneo la penalti ambako wiki iliyopita aliinua mkono. "Sasa, sasa!" Akaupita. Nyuma yake mmoja mmoja walianza kukaa kwa hiari yao, bila amri, kama abiria walioambiwa gari limeharibika, mpaka uwanja mzima ukawa umekaa na kipa wa Bucha ametoka golini kwenda kunywa maji.

Refa alifika mbele ya goli, akageuka, akakuta yuko peke yake. Yeye, mpira na nyavu za Mama Mwenyekiti. Mguu hauumi. Pembeni ya uwanja mkewe alikuwa amesimama, mikono imeziba mdomo.

Kuna mambo binadamu hawezi kuyavumilia. Refa akaupiga mpira kwa mguu wa kushoto.

Ukaingia.

Akapuliza filimbi ndefu, akaonyesha katikati ya uwanja, na papo hapo watu wote waliokuwa wamekaa wakasimama kwa mara ya kwanza jioni ile, Walimu wakidai goli ni lao kwa sababu limefungwa kwenye lango la Bucha, Bucha wakidai ni lao kwa sababu mfungaji ni shemeji wa nahodha wao, wamemzunguka Refa wanapiga kelele, na yeye katikati yao anacheka mpaka anashika mbavu, anashindwa kusema ni la nani.